Chungu cha Mbwa na Kibakuli cha Paka

Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki mbwa hula kilichobaki, na paka hula alichokamata. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, wala desturi hiyo haikuwa mbaya kama wageni wengine walivyodhani. Mbwa wa mchungaji alipata kumbikumbi wakati wa mvua, panya wa shambani, mifupa siku ya karamu, na ukoko wa ugali chunguni. Paka wa ghalani alimla panya mzima, nyama na damu, ini na moyo, mifupa na manyoya. Na panya mzima ni chakula kamili cha paka, wala hapana mpishi awezaye kukiandaa vizuri zaidi.

Siku hizi mambo yamegeuka. Watu wengi wamehamia mjini. Ua umezungushiwa ukuta, mbwa hufungwa mnyororo mchana na kufunguliwa usiku, na paka hukaa katika nyumba ya saruji isiyo na panya hata mmoja. Wanyama hao hawawezi tena kujitafutia. Kila wakilacho chatoka mkononi mwa mtu, na mara nyingi mkono huo ni wa mtoto, maana kazi ya kumlisha mbwa hupewa aliye mdogo kuliko wote nyumbani. Madukani kipo chakula kikavu kilichotengenezwa viwandani, lakini bei yake ni kubwa, na mwenye nyumba anayehesabu fedha za unga na za mafuta ya taa hawezi kukinunua kila mwezi. Kwa hiyo wengi hupika wenyewe. Nao wafanya vema, mradi wajue wapikacho.

Wazee wengine watacheka wakisikia habari ya kumpikia mbwa. Watasema, "Mbwa ni mbwa, mpe ugali, akishiba atabweka." Neno lao lina ukweli nusu. Mbwa ashibaye ugali atabweka kweli, lakini kushiba ni jambo moja, na kulishwa ni jambo jingine. Tumbo laweza kujaa na mwili ukafa njaa. Habari hiyo haikujulikana vema hata ilipofunuliwa, na ajabu ni kwamba mbwa wenyewe walikuwa miongoni mwa walioifunua.

Miaka mia na zaidi iliyopita, katika majimbo ya kusini ya Marekani, ulikuwako ugonjwa uitwao pelagra. Ngozi ya mgonjwa ilibabuka palipopigwa na jua, tumbo likaharisha, akili ikavurugika, na wengi wakafa. Watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukizana. Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimpa kazi ya kuuchunguza daktari mmoja, Joseph Goldberger, naye akaona ya kuwa wauguzi waliowahudumia wagonjwa hawakuupata. Walioupata ni maskini waliokula unga wa mahindi, asali nyeusi ya miwa na mafuta ya nguruwe siku zote, pasipo nyama nzuri wala maziwa wala mayai. Tena katika nchi ile mbwa nao walikuwa na ugonjwa wao, ambao watu waliuita ulimi mweusi. Kinywa kilifanya vidonda, mate yakatiririka, mbwa akakataa kula, akafa. Goldberger na wenzake wakaona ya kuwa magonjwa hayo mawili ni ndugu, maana mbwa aliyelishwa chakula cha wale maskini aliupata ulimi mweusi. Yeye alikufa mwaka 1929 kabla ya kukijua kitu chenyewe kilichopungua. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem na wenzake wa chuo kikuu cha Wisconsin walikipata katika ini, wakawapa mbwa wagonjwa, wakapona. Kitu hicho ni vitamini iitwayo niasini, nacho baada ya muda mfupi kikaanza kuwaponya watu.

Mahindi yenyewe hayana ubaya. Niasini imo ndani yake, lakini imefungwa kama fedha ndani ya kasha, na tumbo halina ufunguo. Watu wa Mexiko walikuwa wakiyachemsha mahindi yao katika maji ya chokaa tangu kale, na chokaa ndiyo ilifungua kasha, ingawa wao hawakuzijua habari za vitamini. Basi mbwa alishwaye ugali mtupu mwaka baada ya mwaka yuko katika njia ile ile ya mbwa wa Marekani. Kinachomwokoa ni vile vipande vya nyama, dagaa na maharagwe aviokotavyo hapa na pale.

Wengine wakisikia hayo huruka upande wa pili, wakasema, "Kumbe! Basi apewe nyama tupu." Hiyo nayo si dawa. Mwaka 1889 katika bustani ya wanyama ya London watoto wa simba walikuwa wakilemaa na kufa, mmoja baada ya mwingine. Walipewa nyama ya farasi isiyo na mafuta wala mifupa ya kutafunika. Daktari mmoja wa upasuaji, John Bland-Sutton, akashauri wapewe mifupa iliyopondwa, maziwa, na mafuta ya ini la samaki aitwaye chewa wa bahari za baridi. Watoto wale wakanyoka, wakakua. Nyama tupu ina madini ya kalisi kidogo mno, na mwili usiopata kalisi huiba katika mifupa yake mwenyewe, hata mifupa ikawa laini. Miaka kama 30 baadaye, papo hapo London, Edward Mellanby aliwalisha watoto wa mbwa uji wa shayiri akawaweka ndani. Wakafanya matege kama yale ya watoto wa maskini katika miji ya viwanda. Mafuta ya ini la samaki yaliwaponya. Kutokana na mbwa wale watu walianza kuielewa vitamini D, na watoto wengi wa binadamu wana miguu iliyonyoka leo kwa sababu hiyo. Lakini iko tofauti moja. Ngozi ya mtoto hutengeneza vitamini D akipigwa na jua; ngozi ya mbwa na ya paka haitengenezi ya kutosha. Wao wanalala juani kutwa, lakini vitamini hiyo hawana budi kuipata katika chakula, yaani katika samaki wenye mafuta, kiini cha yai na ini.

Sasa na tuje jikoni.

Mbwa ni mgeni wa nyama aliyejifunza kula pamoja na mkulima. Asili yake ni mbwa mwitu wa nchi za kaskazini, ambao si wale wenye mabaka waonekanao Serengeti. Hao ni jamaa wa mbali tu. Mwaka 2013 wataalamu wa Uppsala katika Uswidi walionyesha ya kuwa mbwa wa nyumbani amerithi nguvu kubwa ya kutengeneza maji ya tumboni yayeyushayo wanga, kuliko yule mbwa mwitu. Hapana shaka nguvu hiyo aliipata kwa kukaa jalalani na jikoni mwa watu waliolima nafaka. Kwa hiyo ugali, wali, viazi vitamu na mihogo iliyoiva vizuri vyamfaa. Kazi ya mpishi ni kuongeza vile ambavyo wanga hauna.

Tuchukue mbwa mzima wa kilo 15, ndiye mbwa wa kawaida wa nyumba zetu. Kwa siku moja apimiwe kama gramu 120 za unga wa mahindi au mchele, kabla haujapikwa, na gramu 200 za nyama. Nyama hiyo si lazima iwe ya thamani. Moyo, matumbo, nyama ya kichwa, shingo ya kuku iliyoondolewa mifupa, vyote ni vyema. Iongezwe konzi ndogo ya dagaa wakavu waliooshwa chumvi na mchanga, mboga kidogo, kama vile boga, karoti au mchicha, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia. Nyama ichemshwe kwanza katika maji mengi kidogo. Maji yale yasimwagwe, maana sehemu ya uzuri wa nyama imo humo. Yapikiwe uji mzito, uive kweli kweli, kwa kuwa wanga usioiva humharisha mbwa. Kisha nyama ikatwe vipande vidogo, ichanganywe na uji na dagaa, yote yakaachwa yapoe. Mbwa apewaye chakula cha moto huunguza ulimi, naye hujifunza kukiogopa chombo chake.

Kalisi huongezwa kwa ganda la yai. Maganda yakusanywe, yaoshwe, yachemshwe dakika 10, yakaushwe, yatwangwe katika kinu hata yawe unga laini kama poda, yachekechwe. Nusu ya kijiko cha chai kwa siku yamtosha mbwa wa kilo 15. Lisilosagika vizuri litupwe, maana vipande vyake vina ncha. Ini apewe kipande kidogo, mara moja au mbili kwa juma, si zaidi. Ini lina vitamini A nyingi sana, na ikizidi hudhuru mifupa. Chumvi yatosha chembe chache za ile yenye madini joto.

Vipimo hivyo si sheria. Mbwa wa ulinzi akimbiaye usiku kucha ataka zaidi, na mbwa mzee alalaye barazani ataka pungufu. Mtoto wa mbwa na mama anyonyeshaye wana mahitaji makubwa zaidi kwa kadiri ya uzito wao, na chakula chao kisipangwe kwa kukisia. Aulizwe daktari wa mifugo.

Unga wenyewe nao utazamwe. Iko desturi mbaya ya kumwekea mbwa unga uliofanya ukungu. Mama huufungua mfuko, akaunusa, akasema, "Huu haufai kwa watu, utakuwa wa mbwa." Ukungu wa mahindi na wa karanga huleta sumu iitwayo sumukuvu, nayo huua ini la mtu na la mbwa vilevile, wala moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 katika Kenya, sehemu za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Katika Uhindi ya magharibi mwaka 1974 ugonjwa wa namna hiyo uliua watu zaidi ya 100, na mbwa wa vijiji vile waliokula pamoja nao waliugua na kufa pia. Mfuko wa namna hiyo hauna mlaji mwingine ila shimo.

Kadhalika mchuzi wetu. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na za paka zaidi. Kitunguu saumu vivyo hivyo. Mtu aliyezoea kumwaga mabaki ya mchuzi juu ya ugali wa mbwa atasema mbwa wake hajafa. Yamkini hajafa, kwa kuwa kilikuwa kidogo. Lakini udhaifu wa damu hauonekani kwa macho mpaka umekwenda mbali. Zabibu, mbichi au kavu, huharibu figo za mbwa, na chakuleti ni sumu ya moyo wake. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vijiti vyenye ncha kama sindano, ukachoma koo au utumbo. Siku ya sikukuu ndiyo siku ya hatari, maana kila mtoto humtupia mbwa kitu chake kwa kumpenda.

Linabaki neno la nyama mbichi, nalo ni kubwa kuliko yote, kwa kuwa halimhusu mbwa peke yake. Tangu miaka ya 1990 wako watu katika Australia, Ulaya na Marekani wanaofundisha ya kuwa mbwa apewe nyama mbichi na mifupa mibichi, kwa hoja kwamba ndiyo asili yake. Hata katika nchi hizo, ambako nyama hukaguliwa na kuwekwa katika barafu, madaktari wengi wa wanyama huwaonya watu juu ya vijidudu vya tumbo viingiavyo nyumbani kwa njia hiyo. Kwetu, ambako mbuzi huchinjwa nyuma ya nyumba na mbwa wamezunguka wakingoja mapafu, jambo hilo lina ubaya mwingine.

Yuko tegu mdogo sana, urefu wake hauzidi milimita chache, akaaye katika utumbo wa mbwa. Mbwa mwenyewe hasikii maumivu. Mayai ya tegu hutoka katika mavi, yakashika majani na maji na manyoya ya mbwa. Kondoo au mbuzi au ngamia akiyala, ndani ya ini na mapafu yake huota vifuko vyenye maji, na ndani ya vifuko hivyo wamo tegu wachanga. Mchinjaji akiona ini lenye vifuko hulitupa, mbwa hulila, na mzunguko huanza tena. Mtoto aliyemkumbatia mbwa kisha akala pasipo kunawa huyameza mayai, naye huota vifuko vile vile ndani ya mwili wake. Hukua polepole, miaka mingi, kifuko kimoja kikawa kikubwa kama nazi. Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya, ni mahali pamoja ambapo ugonjwa huu umekuwa mwingi kuliko karibu mahali pote duniani, na tangu mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza huko kazi ya kuupunguza, kwa kuwatibu mbwa, kuwapasua wagonjwa na kuwafundisha watu.

Nchi nyingine iliyoteswa hivyo ni Aisilandi, kisiwa cha baridi na kondoo wengi, mbali sana kaskazini ya Ulaya. Mwaka 1863 alifika huko daktari wa wanyama kutoka Denmarki, jina lake Harald Krabbe. Akawapasua mbwa 100, akawakuta 28 wana tegu yule. Hakuwa na dawa nzuri ya ugonjwa wenyewe, wala wakati ule haikuwako mahali popote. Alichofanya ni kuandika kijitabu kidogo, kwa maneno mepesi, kueleza tegu atoka wapi na aenda wapi, na kwamba matumbo yenye vifuko yachomwe au yafukiwe, mbwa asiyapate. Mwaka 1864 kijitabu kile kiligawanywa nyumba kwa nyumba. Watu wa Aisilandi walijua kusoma, wakakisoma. Sheria zikafuata, mwaka 1869 na mwaka 1890. Watoto waliozaliwa miaka ile ya mwisho waliupata ugonjwa mara chache kuliko baba zao, na wajukuu hawakuupata karibu kabisa. Aisilandi haina ugonjwa huo leo.

Basi, ini, mapafu na wengu vinavyokusudiwa kuwa chakula cha mbwa vichemshwe nusu saa nzima tangu maji yaanzapo kutokota, hata kama havina vifuko vinavyoonekana. Vikiwa na vifuko, yafaa zaidi kuvichoma au kuvifukia chini sana, mahali ambapo mbwa hawezi kufukua. Mbwa mwenyewe apewe dawa ya tegu kwa zamu atakazozitaja daktari wa mifugo. Na mlishaji anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula chake mwenyewe. Kijana asiyekubali kunawa na anyang'anywe kazi hiyo, apewe kufagia.

Paka ni habari nyingine kabisa. Watu humtazama wakaona ni mbwa mdogo wa ndani, wakampa ugali na maziwa. Paka hakujifunza kula na mkulima. Alifuata panya wa mkulima. Mwili wake haukuacha kamwe ulaji wa nyama, na kwa kuwa nyama ilikuwako sikuzote, ulipoteza kazi nyingine usizozihitaji. Mbwa apewapo karoti hutengeneza vitamini A kutokana nayo. Paka hawezi, hana budi kuipata tayari katika ini na mayai na samaki. Niasini nayo hawezi kuitengeneza ya kumtosha. Na kiko kitu kimoja kiitwacho taurini, kipatikanacho katika nyama na samaki, wala si katika nafaka na mboga, ambacho mbwa wengi hujitengenezea wenyewe lakini paka hushindwa.

Mwaka 1975 ilionekana ya kuwa paka waliokosa taurini macho yao yaliharibika nyuma, wakapofuka. Mwaka 1978 iliandikwa habari ya paka waliopofuka kwa sababu walilishwa chakula cha mbwa. Chakula kizuri, kilichonunuliwa kwa fedha. Lakini hakikuwa chao. Kisha mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa chuo kikuu cha California, Davis, waligundua ya kuwa paka waliokuwa wakifa kwa moyo uliolegea na kutanuka walikuwa wamepungukiwa taurini, nao walipopewa, wengi wao moyo ulirudia nguvu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba paka wale walikuwa wakila chakula cha viwandani kilichosemwa kimetimia. Watengenezaji wakaongeza taurini, na ugonjwa ukawa nadra. Basi ikiwa wenye viwanda na mizani na maabara walikosea, mpishi wa nyumbani asijione mwenye hekima upesi.

Paka wa Lamu, ambao wasafiri wengi wameandika habari zao, huishi kwa vichwa na matumbo ya samaki wanayotupiwa na wavuvi pwani. Riziki hiyo ina taurini tele. Walakini samaki mbichi wa namna fulani wana kitu kivunjacho vitamini B1, na paka alishwaye hao peke yao huweza kuanza kuyumba, shingo ikainama, akapata kifafa. Moto hukiua kitu hicho. Kwa hiyo samaki wa paka wa nyumbani apikwe, mifupa itolewe, wala asiwe chakula cha kila siku.

Paka wa kilo 4 hula kama gramu 150 za nyama kwa siku, zikigawanywa mara mbili au tatu. Bora kuliko zote ni nyama nyeusi ya paja la kuku na moyo wa kuku au wa ng'ombe, ambamo taurini ni nyingi. Ipikwe kwa maji machache, na maji hayo apewe pamoja na nyama, kwa kuwa taurini huyeyuka ikaingia majini. Mpishi amwagaye mchuzi huo humwaga macho ya paka. Aongezewe kipande cha ini kama ncha ya kidole gumba, mara mbili kwa juma, na kiini cha yai kilichoiva. Unga wa ganda la yai, robo ya kijiko cha chai. Chumvi ya mezani, vitunguu na viungo, hapana. Maziwa yawe mbali naye, ingawa atayalilia; paka wengi wakiisha kukua hawawezi kuyayeyusha, na mchanga wa uani utashuhudia.

Hata hivyo bakuli la namna hiyo halijatimia kwa miezi na miaka. Mwaka 2013 wataalamu wa Davis walipima mapishi 200 ya mbwa yaliyochapishwa katika vitabu na mahali pengine, mengine yameandikwa na madaktari wa wanyama wenyewe. Katika kila mapishi 100, 95 yalipungukiwa walau kitu kimoja kilicho cha lazima. Na hayo ni ya mbwa, ambaye ni mwepesi wa kulishwa. Kwa hiyo mwenye kumpikia paka siku zote na amwendee daktari wa mifugo, amweleze apikacho, aombe unga wa vitamini na taurini wa kuongeza.  Asiyeweza kuupata na achanganye njia mbili, sehemu ya chakula cha dukani cha paka na sehemu ya chakula cha jikoni. Hapo hapana aibu.

Tena chakula kipya kisiingizwe kwa siku moja. Siku ya kwanza kiwe robo, na cha zamani robo tatu. Baada ya siku 2 au 3 nusu kwa nusu. Na kwa muda wa juma au zaidi kiwe chote. Paka ana kiburi cha tumbo. Akikataa, asiachwe na njaa kwa kudhani ataona haya. Paka mnene akaaye siku kadhaa bila kula, mafuta ya mwili wake hulijaa ini, akafa. Maji safi yawepo mchana na usiku. Kilichobaki bakulini kwa saa moja au mbili katika joto la pwani kitupwe, na bakuli lioshwe, maana nzi hawangojei.

Mlishaji atajuaje kama kipimo chake chafaa? Macho hudanganya, hasa macho ya mtu ampendaye mnyama wake. Apapase mbavu. Zikihesabika kwa vidole chini ya ngozi, wala hazionekani kwa mbali, basi ni vema. Zikionekana toka upande wa pili wa ua, chakula kimepungua, au minyoo imezidi. Zisipopatikana kabisa, chakula kimezidi. Kila mwisho wa mwezi apime uzito kwa mizani ya dukani, kwa ruhusa ya mwenye duka, akaandike katika daftari. Mbwa asiyekubali kusimama juu ya mizani na abebwe. Apimwe pamoja na aliyembeba, kisha mtu huyo apimwe peke yake, na hesabu ya kutoa ifanywe.